Ndoo ya mchanga inayombembeleza mtoto wa Fundi Kola

Saa nne na robo asubuhi. Fundi Kola anapanda juu ya kigoda, anavuta kamba mpaka ndoo ya mchanga inagusa boriti, anaiachia taratibu, kisha anarudi kwenye cherehani yake.

Ndoo inaanza kushuka, polepole kama mzee kwenye ngazi. Gurudumu la baiskeli lililofungwa ukutani linazunguka, vigingi vyake vinavuta uzi, na kitanda cha mtoto chenye miguu ya mviringo kinayumba. Kilo kumi na tano za mchanga, mita moja na nusu, dakika kumi na moja. Ndoo ikigusa sakafu, kola tatu zimeshakwisha.

"Umeme ukatike usikatike, mimi sina habari," anasema. "Mchanga haungoji mtu auwashe."

Jina amepewa na wateja, kwa sababu kola zake hazijikunji. Msimu huu ana sare mia mbili za shule, na mwalimu mkuu ameshamwambia: zisipofika Ijumaa, kazi inahamia kwa fundi mwingine. Mume wake ni dereva wa lori, nyumbani anaonekana mara mbili kwa mwezi. Aliyekuwa akimbeba mtoto, binti wa miezi saba, ni mama mkwe, mpaka goti lililomsumbua siku nyingi likagoma kabisa. Daktari akakataza: wiki sita asibebe kitu.

Sokoni, hatua hamsini kutoka hapa, kipo chumba cha kulelea watoto. Kilijengwa, utepe ukakatwa, picha zikapigwa. Leo kimejaa viti vya mikutano, na ufunguo anao mkubwa mmoja ambaye kila akitafutwa yuko mkutanoni. Huko anakalia nini, na viti vyote viko mle chumbani, hakuna anayejua.

Basi fundi akajitegemea. Marehemu baba yake alikuwa fundi saa, akamwachia saa ya ukutani inayoendeshwa na jiwe linaloning'inia.

"Nikajiuliza, kama jiwe linasukuma mishale siku nzima, litashindwaje kumsukuma mtoto?"

Hakuanza na mtoto. Alinunua boga la kilo nane, akalifunga shali, akalilaza kitandani. Siku ya kwanza ndoo iliporomoka yote mara moja, na boga likaruka hadi mlangoni.

"Nikamuuliza, mwanangu, mjukuu wangu wa kijani anakwenda wapi?" anasema mama mkwe, mguu wake umenyooshwa juu ya stuli.

Fundi akaongeza kipande cha bati kinachozunguka kama feni, kinachoizuia ndoo isikimbie. Jaribio la nne, boga likatulia mpaka ndoo ikagusa sakafu. Akamlaza mtoto. Mtoto akakodoa macho, akalia mpaka jirani akagonga ukuta.

Kosa lilikuwa la mshonaji. Vigingi alikuwa amevipanga kwa mwendo wa kanyagio la cherehani, nafasi sawasawa kama mishono.

"Nilisema huyu mwendo huo ameusikia tangu tumboni. Kumbe ya tumboni yameishia tumboni."

Siku mbili zikapita, mtoto pajani, sare tisa tu. Siku ya tatu bibi alichoka kusikiliza. Daktari hayupo, akamnyanyua mjukuu wake, akazunguka naye chumbani. Mzunguko wa kwanza, kimya. Wa pili, usingizi.

"Mama, hebu rudi tena," fundi akamwambia.

"Nirudi wapi, na goti hili?"

"Tembea tu, Mama. Nataka kuona miguu."

Akapiga magoti na chaki yake ya kukatia nguo, akatia alama kila bibi alipokanyaga. Hatua ndefu, hatua fupi. Ndefu, fupi. Tangu azaliwe mtoto alibebwa na mtu anayechechemea, na usingizi mwingine haujui.

Fundi alipokuwa aking'oa vigingi na kuvipanga upya, kimoja mbali, kimoja karibu, bibi alikuwa anamtazama.

"Kwa hiyo nimegeuzwa ndoo ya mchanga."

"Ndoo hainung'uniki, Mama."

"Haijaulizwa."

Leo ni Jumatano. Sare mia na sitini na tisa zimekunjwa mezani, zimebaki thelathini na moja, na kwa mwendo huu kesho jioni atakuwa kwenye vifungo vya mwisho. Muuza mboga wa jirani ameshaleta gurudumu lake, pamoja na boga.

"Nikipewa ule ufunguo, nafunga vitanda sita mle ndani," anasema Fundi Kola. "Ila kila mama aje kwanza atembee nimuone. Na viti wavitoe wenyewe."

Daktari amesema mwezi ujao goti litakuwa limenyooka. Bibi hana furaha sana na habari hiyo.

"Nitatembea kama askari, na huyu mtoto hatanitaka tena."

Fundi haondoi macho kwenye sindano. "Usijali, Mama. Ukisahau, gurudumu litakufundisha."

Ndoo inagusa sakafu. Mtoto amelala, hageuki.