Jeti Tuliyoifunga Waithaka

Injini ya kwanza ilitutosha. Ilikuwa ya pikipiki kubwa na ilifanya kazi yake bila matata. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akadhani tulilazimika kufanya tulichofanya.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Karakana yangu iko Waithaka, pembezoni mwa mji, kwenye kipande cha shamba alichoniachia baba, na riziki yangu ni mageti na madirisha. Rafiki yangu alikuwa karani katika duka la vipuri katikati ya mji. Alikuwa mtu wa Lamu, akiishi Kabiria na mkewe, na mwisho wa wiki akiwafundisha watoto wa madrasa kusoma na kuandika. Tulijuana kwenye kaunta. Nilikuwa nimeenda kununua bolti, akaniuliza ni za nini, nikamwambia kweli kwamba najaribu kuunda ndege. Wengine wakisikia hivyo walikuwa wakicheka. Yeye aliuliza, "Ya aina gani?"

Ilikuwa jairo, kile kindege cha kiti kimoja kisicho na mabawa. Juu kina mapanga mawili marefu yanayozungushwa na upepo wenyewe, na nyuma kina injini ya kukisukuma. Tulikiunda kwa miaka mitatu. Kwenye uwanja mkavu nje ya mji kiliinuka mara nne, kimo cha mtu, kikatua. Hatukuwa na leseni, kwa hivyo hatukuthubutu kwenda juu zaidi.

Kuhusu jeti, sikumbuki nani alianza kuitaja. Ilikuwa mzaha wetu wa muda mrefu, hadi siku moja akaja amebeba turbo ya lori ndani ya gunia.

"Hii ndiyo jeti yenyewe, bwana," akasema. "Imebaki kutiwa moto tu."

Hakukosea. Turbo hunyonya hewa na kuisukuma kwa nguvu. Ukiichomelea chemba ya chuma, ukapuliza mafuta ya taa ndani na kuwasha, moto unaotoka nyuma ndio unaoizungusha tena. Yetu isingekuwa na nguvu ya kukipeleka kindege popote. Ingepiga kelele na kutoa ulimi wa moto, nasi tungekuwa wanaume wawili wenye mvi waliotengeneza jeti Waithaka. Faida yake ilikuwa hiyo tu, na kwetu ilitosha. Kwa miezi mingi nilichomelea, yeye akatafuta vipuri, tukaifunga nyuma ya kiti.

Ijumaa jioni, kabla ya siku ya kuiwasha, nilikuwa peke yangu naifuta vumbi. Kuna paipu nyembamba inayopeleka oili kwenye shafti ya turbo. Mahali nilipoichomelea niliona mstari mweusi, mwembamba kama unywele. Nilijua ni ufa. Shafti ile ikikosa oili hata kidogo, hukwama, na gurudumu lake likipasuka hutawanyika kama risasi. Kutengeneza paipu nyingine kungechukua siku nzima, na rafiki yangu alikuwa ameomba ruhusa kazini kwa ajili ya Jumamosi ile. Nilipitisha kitambaa tena, mstari ukafifia. Nikazima taa, nikaenda kula.

Asubuhi alikuja mapema, amevaa kofia yake nyeupe na koti kuukuu.

"Umekagua paipu zote, ndugu yangu?"

"Ziko sawa."

"Ya oili?"

"Si nimekuambia ziko sawa?"

Akasema bismillahi, akafungua mafuta. Mimi nilishika mashine ya kupulizia hewa ya kuanzia. Jeti ilikohoa, ikatema moshi, kisha ikashika. Sauti yake ilipanda mpaka ikawa filimbi moja kali, mabati ya karakana yakatetemeka. Nilimwona akicheka ingawa sikumsikia. Sitaficha kwamba nilifurahi. Kwa dakika moja hivi niliusahau kabisa ule mstari.

Halafu filimbi ikabadilika, ikawa na mkwaruzo ndani yake. Aliusikia kabla yangu, akanyoosha mkono wa kulia kufunga mafuta. Mkono ulikuwa karibu na turbo ilipopasuka.

Walimkata vidole vitatu hospitalini. Vilibaki kidole gumba na cha mwisho. Mkewe alinikuta kwenye benchi la nje, shati langu limelowa damu ya mumewe.

"Shemeji, mlikuwa mnafanya nini?"

"Tulikuwa tunajifurahisha," nikasema. Alinitazama, kisha akaketi mwisho wa benchi, mbali nami.

Dukani walimtoa kaunta wakampeleka stoo. Madrasani alijaribu kuandika ubaoni kwa mkono wa kushoto, herufi zikatoka zimepinda, naye akaacha kufundisha. Watu walinipa pole. Ajali haina kinga, walisema. Yeye mwenyewe aliwaambia ni kadari, nami nikiwa nimesimama pale niliitikia kwa kichwa. Niliitikia hivyo kwa miezi minne.

Siku moja nilimwomba tuonane Kenyatta Market, kwenye bucha la nyama choma analoliamini. Nyama ilipokatwa hakutaka kutumia mkono wa kushoto. Alibana kijiko kati ya vidole vile viwili na kusukuma kila kipande polepole. Nikamwambia habari ya ufa.

Alisimamisha kijiko. Kisha akauliza, "Uliuona lini?"

"Ijumaa jioni."

"Na Jumamosi nilikuuliza."

"Uliniuliza."

Alikiweka kijiko mezani. "Miezi minne nimejilaumu kwamba nilichelewa kufunga mafuta," alisema, bila kupandisha sauti. "Nimemwomba Mungu anisamehe kwa kujidhuru mwenyewe kwa uzembe."

Aliinuka kwenda kunawa. Nilimsubiri mpaka mafuta ya nyama yakaganda kwenye ubao. Mwenye bucha ndiye aliyeniambia kwamba mwenzangu alikuwa ameshaondoka kitambo.

Wiki ile nilikikata kindege vipande vipande kwa grenda. Mapanga yale marefu yalichukua muda kuliko vyote, kwa kuwa tuliyatengeneza vizuri.

Ulipita karibu mwaka. Kisha mkewe akanipigia simu: wezi walikuwa wamevunja dirisha lao la nyuma, anataka vyuma. Nikamuuliza kama mumewe anajua anayeitwa ni nani. "Yeye ndiye aliyesema nikuite," akajibu.

Nilipofika Kabiria mumewe alinisalimia, "Habari za kazi, fundi." Hakuniita ndugu. Alikaa kwenye kiti cha plastiki uani muda wote nilipokuwa nikifanya kazi, na mkewe akaniletea chai. Nilipomaliza, aliinuka, akasogea dirishani. Akapitisha kidole gumba cha mkono ule kwenye kiungo cha kwanza cha vyuma, akainama akakitazama, akaenda cha pili. Alivikagua vyote hivyo, kimoja kimoja, nami nimesimama kando na miwani yangu ya kazi mkononi.

"Hiki rudia," akasema.

Nilikitazama. Hakikuwa na kasoro niliyoweza kuiona. Nikavaa miwani, nikakirudia.