Mama Masharti na ukurasa wa kumi na tisa

Saa mbili kasoro dakika tano asubuhi, mapokezi ya zahanati yamejaa. Watoto wanakohoa, mzee mmoja ameikumbatia bahasha ya eksirei, na nyuma ya dirisha la kioo mwanamke wa miaka arobaini na miwili ameshika kipanya cha kompyuta bila kukisogeza.

"Sista, tuwashe?" anauliza.

"Washa, mwanangu, kabla hawajanivunjia mlango," anajibu muuguzi mkuu, anayesimamia zahanati saba za eneo hili.

Anabofya. Sekunde mbili tu, kumbukumbu za mgonjwa wa kwanza ziko kwenye kioo cha kompyuta. Simu inaita kutoka zahanati ya pili, kisha ya tatu, hadi ya saba: "Imekubali huku!" Zote saba zimeunganishwa! Muuguzi mkuu anapiga kigelegele, mgonjwa anacheka asijue kwa nini, na hata mwandishi wa makala haya anajikuta akipiga makofi.

Aliyeutengeneza mfumo huo wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa ni mwanamke huyo aliyeshika kipanya, mama wa watoto wawili, ambaye wenzake humwita Mama Masharti. Kabla ya kujifunza kuandika programu, alikuwa mpiga chapa wa mahakama kwa miaka kumi na mmoja.

"Nimepiga chapa hukumu za watu wengi waliotia saini wasichokisoma," anasema. "Wote utetezi wao mmoja: 'Sikujua, mheshimiwa.'"

Ndiyo maana watengeneza programu wenzake, wengi wao wenye mifuko mitupu kama yeye, humletea masharti ya leseni za programu awasomee. Hii ya bure ni bure kweli? Naruhusiwa kuiweka kwenye seva, ile kompyuta kuu ya mteja? Anasoma hadi nukta ya mwisho, anawaeleza kwa lugha nyepesi, na malipo yake ni chai.

Mume wake, fundi wa kuchomelea, hamwachi hivihivi. "Huyu hata dawa ya mbu hapulizi mpaka ajue kiwanda kiko wapi," anasema.

Lakini wiki tatu zilizopita alipatikana. Mwenzake mmoja alimletea masharti ya programu ya seva, ile inayotunza kumbukumbu zote za mfumo. Kurasa arobaini na sita. Alipofika ya kumi na tisa, alisimama: toleo hili ni la bure kwa kutengenezea na kujaribia tu, ni marufuku kulitumia kwa kazi halisi.

"Nilirudia kuusoma ukurasa ule," anasimulia. "Ndilo toleo nililojengea mfumo wa zahanati kwa miezi minane! Siku naliweka, mwanangu wa mwisho alikuwa na homa. Nikabonyeza 'Nakubali', nikakimbia hospitali."

Leseni ya kazi halisi ilizidi malipo yake ya miezi kumi na minne. Mwenzake yule akamshauri anyamaze, maana nani atakuja kukagua zahanati?

"Nikamwambia, ndugu yangu, hata hoja hiyo nimeipiga chapa mahakamani mara nyingi."

Akaenda kwa muuguzi mkuu na kusema yote. Muuguzi alicheka mpaka akavua miwani. "Kumbe kweli mganga hajigangi!" Kisha akaacha kucheka. "Kumbukumbu za wagonjwa wangu hazitakaa mahali ambapo haturuhusiwi. Una wiki tatu. Ukishindwa, tunabaki na madaftari, na kazi yako imeishia hapo."

Lilikuwapo toleo dogo, la bure hata kwa kazi halisi, lenye sharti moja gumu: kumbukumbu zisizidi gigabaiti kumi. Zake zilifika kumi na nne.

Siku mbili alizunguka chumbani kwake akitafuta njia. Ya tatu akajiuliza kinachojaza nafasi ni nini hasa. Si majina wala magonjwa, bali picha za kadi za zamani za wagonjwa. Akazihamishia picha zote kwenye mafaili ya kawaida nje ya programu ile, ndani akabakiza maelezo ya mahali kila picha ilipo. Akapima upya.

"Gigabaiti mbili! Nilipiga yowe, mume wangu akaja mbio na nyundo mkononi, akidhani nimeona nyoka."

Masharti ya toleo dogo aliyasoma mara mbili, kurasa zote thelathini na nane, mtoto akiwa mzima wa afya.

Sasa anapanga kuandika kijitabu cha Kiswahili chepesi, chenye maswali ya kujiuliza kabla ya kubonyeza "Nakubali". "Wenye uwezo wa kutengeneza vitu vikubwa ni wengi," anasema, macho yakimwaka. "Bure ya halali ipo. Kinachotakiwa ni kusoma masharti yake."

Saa tatu na nusu foleni imepungua. Muuguzi mkuu anatoka ofisini na karatasi na kalamu: mkataba wa kuutunza mfumo kwa miaka miwili, zahanati zote saba. Mama Masharti anaziba mdomo kwa mikono miwili. Machozi yanamlengalenga.

"Tia saini hapa chini, mwanangu, tukanywe chai."

Anafuta macho. Anaipokea kalamu, anaiweka mezani, anavuta kiti na kufungua ukurasa wa kwanza wa mkataba.

Muuguzi mkuu anamtazama, anashusha pumzi, kisha anageukia mlangoni. "Jamani, chai iletwe hukuhuku!"