Maji Niliyompelekea Koko

Bidoni la plastiki lililowahi kutiwa mawese halisahau. Ulioshe kwa mchanga, ulioshe kwa sabuni, maji yake yatanuka mafuta tu. Nikisikia harufu hiyo, narudi kwenye likizo kubwa moja, nilipotumwa kutoka mtaani kwetu Mudzipela, mjini Bunia, kwenda kwa koko, bibi yangu mzaa mama, aliyelima mihogo kwenye kilima upande wa Nizi. Mtaani kwetu kijiji kilikuwa tusi. Ukivaa nguo kinyume, unaambiwa, "Weye mutu wa mugini!" Mama alizaliwa kule kule kilimani, lakini alikuwa mtu wa mjini kuliko sisi tuliozaliwa mjini. Alinifungia mikate, sabuni na bidoni la maji ya kunywa, eti maji ya kijijini yangenipasua tumbo. Maji hayo tuliyapigania bombani na nusu ya mtaa. Dereva wa lori alitaka yalipiwe kama abiria. Nilipatana naye bei mpaka akakubali niyapakate.

Nilipanda kilima na bidoni kichwani. Katikati ya njia nikapita chemchemi iliyotoka kwenye mawe, nyeupe, baridi, haina foleni. Nikaitazama mara mbili, nikaendelea kubeba mzigo wangu. Uani kwa koko, binamu yangu Furaha alinusa bidoni, akaita wenzake.

"Mukuye muone! Wa Bunia analeta mayi! Siye tunakunywaka nini, matope?"

Likizo ile nilitaka kitu kimoja tu: nihesabiwe mtoto wa pale. Sasa nilikuwa kichekesho hata kabla ya kukaa. Koko alipokea bidoni kwa mikono miwili, akajaza kikombe, akanywa yote bila kupumua. Jicho lake la kushoto likafumba kidogo.

"Iko tamu," akasema. "Munyamaze. Mujukuu wangu ametoka nayo mbali."

Kesho yake Furaha alinifundisha kukunja jani la mgomba na kunywa pale kwenye mawe, maji yanayouma meno kwa ubaridi. Tumbo nililikagua asubuhi na jioni, halikupasuka. Siku ya kurudi, koko alilijaza bidoni lile lile maji ya chemchemi. Mama aliyanywa amesimama, kisha yaliyobaki akayafungia chumbani kwake.

Leo kilima kile hakina mtu. Vita vilimfukuza koko, na sasa anaishi nami mjini, mtaa wa Rwambuzi. Jirani aliniomba kwa upole nimfundishe bibi usafi wa mjini. Nilipomuuliza yeye mama yake alizaliwa wapi, akakumbuka ana haraka. Nami nikitamani kitu, si nyumba ya ghorofa. Ni jani la mgomba na yale mawe.

Jana nilinunua maji kwa kijana wa mkokoteni, nikapatana bei mpaka sauti ikakauka. Yalinuka mawese. Nikamjazia koko kikombe, akanywa yote bila kupumua. Jicho la kushoto likafumba kidogo.

"Iko tamu," akaniambia.