Trei ya Fyuzi

Watu hudhani kazi ya fundi umeme wa magari ni kuchomoa fyuzi iliyoungua na kuchomeka nzima. Hao ndio humwambia mume wangu, "Fundi, hiyo si dakika mbili tu?" Naye huwajibu, "Basi kaa hapo uzihesabu." Kwa miaka ishirini na sita amekuwa akisema kwamba fyuzi haifi bure. Ikiungua imekufa kwa niaba ya waya, na waya una sababu yake, na sababu hiyo ndiyo kazi. Kubadilisha fyuzi bila kutafuta kilichoiunguza, anasema, ni kumfuta mtoto machozi huku bado umemkanyaga mguu.

Miaka mitatu iliyopita alianza kumimina chai nje ya kikombe na kukilaumu kikombe. Kisha akailaumu balbu ya sebuleni, nikanunua nyingine. Akailaumu na hiyo. Nilipomburuta kwa daktari wa macho, tuliambiwa ni presha ya macho, kwamba kilichopotea hakirudi, na dawa ni za kulinda kilichobaki. Na kilichobaki kilikuwa kidogo, sawa na mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Tulipotoka nje, mwanamume huyu akaniambia bila haya, "Umesikia? Amesema nipumzike kidogo." Nami nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega, nimesikia kila neno!

Hakupumzika. Aliniomba jambo moja tu, kwamba pale gereji asijue mtu. "Fundi asiyeona nani atampa gari lake?" Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, nami nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba wahenga hawakuwahi kuwa na wateja. Basi nikafunga cherehani yangu, nikahamia kwenye kile chumba chake cha mabati na kujiita karani. Karani gani asiye na kalamu? Fundi rangi, jirani yetu wa upande wa pili wa ukuta, mtu wa maneno mengi, akanitania kwamba nimekuja kumlinda mume asiibiwe. Nikamwacha aamini hivyo.

Lazima niseme ukweli, tuliimudu kwa muda. Taa ya kupimia umeme hakuiona tena, kwa hiyo alichukua kile kidude kinacholia gari likirudi nyuma, akakifunga waya mbili, ikawa anapima kwa masikio. Akigusa fyuzi upande mmoja kikalia, akigusa wa pili kikanyamaza, amempata marehemu. Wateja walidhani ni chombo cha kisasa. Nyaya alizifuata kwa vidole kuanzia mbele hadi nyuma, amefumba macho, na wao wakasema, "Huyu ni daktari!"

Tatizo lilikuwa rangi. Fyuzi zote zina umbo moja, kinachozitenganisha ni rangi na tarakimu ndogo juu yake, na vidole vyake vilikwisha kuwa sugu kwa maji ya betri. Kwa hiyo nilimpangia kwenye trei ya mayai, juu ya meza. Safu ya upande wa mlangoni ni nyekundu, za ampea kumi, ambazo huungua upesi kuliko zote. Inafuata ya bluu, za kumi na tano. Kisha njano, za ishirini. Safu ya upande wa ukutani ni kijani, za thelathini, ambazo hupitisha umeme mwingi kabla ya kuungua. Mkono wake uliijua trei ile kuliko unavyoujua mfuko wake mwenyewe. Sikuwahi kumsaidia kuchagua, wala hakutaka.

Siku yenyewe mvua ilianza alfajiri, na tulipofungua tulikuta bati limevuja juu ya meza. Nikaiinua trei, nikapangusa meza, nikairudisha. Fundi rangi alikuwa amesimama mlangoni ananisimulia jinsi alivyompaka mwenye gari badala ya gari, nami nilicheka hadi mbavu zikaniuma. Nakumbuka vizuri kwamba nilikuwa nacheka.

Mnamo saa tano akaja mkunga mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, na kigari chake kidogo. Taa za nyuma zilikuwa zimezimika zote.

"Fundi wangu, askari amenisimamisha mara mbili. Nisaidie, nina mama anakaribia kujifungua."

"Kaa kwa dada yako hapo, mama. Nipe dakika zangu."

Nilimwangalia kama ninavyomwangalia siku zote, na nilijivunia. Akapiga magoti mlangoni pa gari, akafungua kasha la fyuzi chini ya dashibodi, akapima moja moja. Kidude kikalia, kikalia, kikanyamaza. "Huyu hapa," akasema. Hakukimbilia fyuzi nyingine. Alizunguka hadi kwenye buti, akapapasa waya pale bawaba inapokunjika, na vidole vikakuta ganda limechubuka, shaba iko nje. Akaizungushia utepe wa gundi kwa ustadi. Kisha akaingia chumbani, mkono ukaenda upande wa mlangoni, akatoka na fyuzi ameificha kiganjani, akaichomeka. Taa zikawaka. Mkunga akapiga makofi, akaondoka kwenye mvua na taa zake zikiwaka.

Alirudi saa tisa, kwa miguu, kanga ya mabegani imelowa.

"Fundi, gari langu limeungua."

Alieleza akiwa amesimama. Alikuwa ameliegesha nje kwa mgonjwa, taa amesahau kuzizima. Watu wakaona moshi chini ya kiti cha nyuma, wakavunja kioo, wakamwaga mchanga. Chini ya zulia waya ulikuwa umechubuka mahali pa pili, na kiti chote cha nyuma kimekwisha. Dereva mmoja aliyesaidia kuzima ndiye aliyechomoa fyuzi, akamwambia amrudishie fundi wake. Akaiweka kwenye kiganja cha mume wangu. Ilikuwa nzima kabisa. Fyuzi nzima, gari limeungua.

"Sasa hii ndiyo nini?" mkunga akauliza.

Mume wangu aliigeuza, akaisogeza hadi puani, akaielekeza kwenye mwanga. Fundi rangi alikuwa amekwisha kuvua barakoa yake na kusogea, na mafundi wengine wawili nyuma yake. Kisha nikamsikia akiuliza polepole, "Ni ya rangi gani?"

Mkunga alimtazama usoni kwa muda mrefu, kama anavyotazama wagonjwa wake.

"Fundi. Huioni?"

"Ni ya kijani," fundi rangi akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuongeza neno.

Mkunga hakupiga kelele. Heri angepiga. Alisema tu, "Jana kwenye kiti hicho nilimlaza mama mwenye uchungu." Akaondoka.

Niliingia chumbani peke yangu. Safu ya kijani ilikuwa upande wa mlangoni. Nyekundu ilikuwa ukutani. Asubuhi niliirudisha trei mimi mwenyewe, kinyumenyume, nikicheka. Fyuzi ya kumi ingeungua palepale na mkunga angerudi kututania tu. Mkono wake haukukosea hata kidogo, ulienda pale pale ulipokwenda siku zote. Niliona haya, na nilijichukia, na nikaigeuza trei ikae inavyotakiwa.

Wenzake walikuja jioni kumpa pole. Mmoja akamwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nilimkata jicho. Koleo lipi? Aliyevunjika hapa ni mhunzi!

Nyumbani hakuvua viatu. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, na nilijua anachokifanya. Alikuwa anairudia siku, hatua kwa hatua, kama anavyofuata waya.

"Waya wa pili sikuugundua," akasema. "Hilo ni macho, nakubali. Zulia lazima lilikuwa na alama ya kuungua, mwenye macho angeiona. Lakini fyuzi? Safu sijawahi kukosea."

Nikapiga magoti, nikaanza kumfungua kamba za viatu.

"Mke wangu, ulikuwepo. Uliniona nikichukua?"

Ningesema neno moja tu angepona. Angenikaripia, angekasirika siku mbili, na Jumatatu tungefungua. Angesema, trei isiguswe tena, basi. Na angepapasa gari jingine, na zulia jingine angelipita, na siku hiyo kwenye kiti cha nyuma pangekuwa na mtu. Nililijua hilo kama ninavyojua jina langu. Ila sitajidanganya kwamba hilo ndilo pekee lililonifunga mdomo. Niliogopa pia.

"Nilikuona," nikasema.

"Mkono ulienda wapi?"

"Ukutani."

Alitikisa kichwa taratibu, mara mbili tatu. Akasema basi, mwambie fundi rangi achukue chumba, alikuwa anakitaka tangu zamani. Kisha akanyoosha mkono hewani kunitafuta, nikampa wangu, akaubana.

"Ahsante," akasema. "Wengine wangenificha."