Mti Mweusi wa Buberwa

Buberwa hakuwa tajiri wala msomi, lakini katika kijiji chao cha mlimani juu ya Kemondo, mgonjwa hakufika hospitali ya wamisheni bila kupita begani kwake. Magari yalikuwa ya kusikia mngurumo wake kule chini barabarani. Mgonjwa alibebwa kwa machela: blanketi nene limefungwa kwa kamba kwenye mti mmoja mrefu, wanaume wawili mbele, wawili nyuma. Buberwa ndiye aliyekuwa mkubwa wa machela. Mti aliuchagua mwenyewe, msambya mnyoofu, kisha akaukata kidogo kwa panga huku na huku, mikato ya kushikia kamba isiteleze mteremkoni. Bila mikato hiyo, alisema, mgonjwa atatangulia kufika hospitali na wabebaji watamfuata.

Mkewe, Benigna, alimjua kuwa ana ugonjwa mmoja: kupenda kitu kipya. Ujamaa ulipotangazwa, Buberwa ndiye aliyepiga makofi ya kwanza mkutanoni. Siku ya shamba la pamoja ilipofika, kiuno kikamuuma.

Mwaka wa sabini na sita, mzungu mmoja mtaalamu wa samaki pale Kemondo alimaliza mkataba wake. Alikuwa na mashua ndogo ya tanga ya kujifurahisha siku za Jumapili. Mashua ilipata mnunuzi, lakini mlingoti wake ulikosa mtu, kwa sababu haukuwa mti wala chuma. Ulitengenezwa na mdogo wa mzungu huyo, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha vipuri vya ndege. Mzungu akamwita Buberwa, aliyezoea kumbebea mizigo, akampa.

"Hii ni nyuzi za kaboni," alimweleza. "Nyembamba kuliko nywele. Zinalazwa pamoja, zinashikwa na gundi, zinaokwa."

"Kaboni ndiyo nini, bwana?"

Mzungu akafikiri. "Ni ndugu yake mkaa."

"Mkaa!" Buberwa akacheka hadi akakaa chini.

"Sikiliza. Usikate, usitoboe. Ukikata nyuzi, nguvu imekwisha."

"Nimesikia, waitu, bwana wangu," akajibu Buberwa, kwa usikivu wa mtu ambaye tayari anawaza watu watakavyomtazama njiani.

Nyumbani alimwita mkewe kabla hajafika uani. "Benigna! Shika hapa. Kwa mkono mmoja!"

Benigna, mimba yake ikiwa imeshamtangulia mbele, aliuinua mti mzima kama anainua mwiko. Mrefu kupita mlango wa nyumba, na ukiushika ncha moja ile nyingine hailegei. "Mwepesi kweli," alikiri.

"Na mchwa hawauli!"

"Mchwa hawali mkaa, Ta Buberwa. Hilo hata kuku wanalijua."

Kwa muda mti huo ulifanya kila kazi isipokuwa ya machela. Benigna alianikia nguo, na vitambaa vyake vyeupe havikupata kutu kama kwenye waya. Mvua ilipiga, jua likawaka, mti haukupinda wala kupasuka. Mama mkwe wake, Ma Kokushubila, aliangushia maparachichi. Hata mwenyekiti wa kijiji, Rugemalira, alikuja kuutazama, mikono nyuma.

"Ndugu Buberwa, kitu kama hiki ni cha wananchi. Kinafaa bendera."

"Ndugu Mwenyekiti, bendera haiumwi tumbo. Wananchi wanaumwa."

Rugemalira akakohoa, akakubali ubaki kwa machela, ilimradi wageni wa wilaya wakija waonyeshwe kama maendeleo ya kijiji.

Ndipo Buberwa akachukua panga. Benigna alikuwa mlangoni anamenya ndizi.

"Si ulikatazwa?"

"Nilikatazwa kukata. Huku siyo kukata, ni kuweka mahali pa kamba."

"Mzungu alisema nguvu—"

"Mzungu amembeba nani, mama? Mti wa machela bila mikato umeuona wapi?"

Panga likateleza. Akaleta msumeno. Ukatoka unga mweusi laini, ukamganda mikononi, akajikuna mpaka wakati wa kulala.

"Mkaa nao unawasha?" Benigna aliuliza.

"Bado haujatuzoea."

Benigna angeweza kubishana zaidi. Lakini mtoto wao wa kwanza alizaliwa kwenye njia hiyohiyo, mvua inanyesha, msambya umelowa na kuwa mzito hata wabebaji wakapumzika kila kona, na hakuishi. Tangu hapo Benigna hakuomba kitu kingine ila kufika. Mti mwepesi ni njia iliyofupishwa. Akaendelea kumenya ndizi zake.

Uchungu ulimshika asubuhi, ardhi ikiwa bado inateleza. Wakamlaza kwenye blanketi, Anatory na mwenzake mbele, Buberwa na jirani nyuma, wakashuka karibu wanakimbia.

"Buberwa!" Anatory akaita. "Tumebeba mtu kweli, au blanketi tupu?"

"Mtu yumo," Benigna akajibu kutoka ndani, "na anakusikia."

Wakacheka. Yeye alikuwa anasikiliza. Msambya ulilia njia nzima, kwii, kwii, kama mzee anayenung'unika lakini anakwenda, na ukichoka uliongeza sauti, wabebaji wakajua. Huu ulikuwa kimya kama watu wa kanisani. Benigna alitaka kuufurahia ukimya huo, ila haukumwambia chochote.

Kwenye mteremko wa kijito, kamba ikavuta kwenye mkato wa nyuma. Pwa! Kama kibuyu kikavu kilichoanguka. Mti ukawa vipande viwili bila kuaga.

Buberwa aliachia bega, akadaka ncha iliyovunjika kwa viganja vyote viwili, akaenda chini nayo, na mkewe akamwangukia mapajani.

"Niwekeni chini!" Benigna akapiga kelele.

"Uko chini, shemeji," Anatory akasema kwa heshima.

Akajipapasa tumbo. Mtoto akapiga teke. Benigna akavuta pumzi ndefu.

Buberwa, mikono inavuja damu, alikuwa ameshaanza kutafuta kamba. "Tunaunganisha. Dakika moja tu."

"Buberwa! Nikirudi kwenye mkaa wako huo nitazaa majivu."

Bati la hospitali lilionekana ng'ambo ya migomba. Akaenda kwa miguu, mkono mmoja kwa Anatory, mwingine kwa mumewe, akisimama kila uchungu ulipokuja, na nyuma yao wabebaji wawili wakiwa wamebeba kwa uangalifu mkubwa machela isiyo na mtu.

Mtoto alitoka kabla sista hajamaliza kufunga aproni. Chumba cha pili, muuguzi alikuwa anamchomoa Buberwa nyuzi nyeusi viganjani kwa kibano, moja moja, naye anamwita mama yake.

Sista akachungulia. "Jamani, anayezaa ni yupi?"

Baadaye wakamleta Buberwa, mikono imefungwa bendeji kubwa kama vichwa vya kabichi. Hakuweza kushika. Benigna akamlaza mtoto juu ya mikono yake, karibu na viwiko. Mtoto huyo wa kike alikuwa analia kwa nguvu, hakuna aliyemnyamazisha.

"Mzito," Buberwa akasema. Kisha akageuza uso, akajifuta kwa bega. "Ni hii mikono. Inauma."

"Lazima iume sana," Benigna akasema. "Kaa hapa kitandani, upumzike."

Akasogea, akampa nafasi.