Karani wa Salama Kwanza

Wazazi wengi wa shule ile ya msingi hawajui jina la karani. Wanamwita Salama Kwanza, naye huitika. Jina lilitokana na namna anavyofungua mazungumzo ya simu. Akimpigia mzazi, kabla hata ya kumjulia hali, husema: "Salama kwanza. Mtoto mzima, hana neno." Ndipo hueleza kilichomfanya apige: homa imeanza kupanda, kiatu kimekatika, begi limebaki nyumbani. Anasema simu ya shule ikiita saa za kazi, mzazi huwaza baya tu mpaka aambiwe jingine, na hakuna sababu ya kumwacha mtu akae na wazo hilo wakati wewe unatafuta maneno.

Ofisi yake ni chumba chembamba kati ya ofisi ya mwalimu mkuu na stoo. Ina dirisha linalotazama geti, meza yenye kompyuta inayowaka ikijisikia, kitanda cha mgonjwa kilichobanwa ukutani na kabati la chuma. Nusu ya kabati ni mafaili. Nusu ya pili ni sare za akiba, zimefuliwa na kukunjwa kwa saizi, maana watoto wadogo hutapika, huanguka kwenye matope, na hupatwa na mengine yasiyohitaji kutangazwa. Sare hizo huzifua nyumbani kwake. Mumewe, dereva wa lori, huwaambia wageni kwamba yeye ana watoto wawili lakini kamba ya nguo inamsingizia kumi.

Alhamisi mchana, kazi zikipungua, hupiga simu ambazo yeye huziita simu za bure. Huchagua familia chache ambazo hazina tatizo lolote na kuwapa habari njema ya mtoto wao. Wazazi walichukua muda kuzoea.

"Kafanya nini tena?" aliulizwa siku moja na muuza vipuri wa pikipiki.

"Salama kwanza. Hajafanya kitu. Leo kamfunga mwenzake kamba za viatu bila kuombwa."

"Halafu?"

"Halafu basi."

"Hapana, dada. Nimeshakaa chini. Sema yote tu."

Alipohamia mwalimu mkuu wa sasa, mtu wa mipango na mwendo wa haraka, alianzisha kundi la wazazi kwenye simu. Karani hakulipinga. Lilimpunguzia kutembea na barua za kubandika getini, na akina baba ambao hawakuwahi kufika mkutanoni wakaanza kuuliza maswali. Aliomba jambo moja tu: linalowahusu wote liende kwenye kundi, linalomhusu mtoto mmoja liende kwa mzazi mmoja. Mwalimu mkuu akasema hiyo ndiyo kanuni, akaiandika juu kabisa ya ukurasa wa kundi. Likizo ilipoisha, karani aliwatumia wazazi picha za vyoo vya wasichana vilivyopakwa rangi ya bluu na nyeupe. Walizisifu siku nzima.

Lililoharibu mambo lilitokea Jumatatu moja, katikati ya vipindi. Mwalimu wa darasa la tatu, kijana mchangamfu na mwepesi wa kila kitu, vidole vikiwemo, alitaka kumwandikia karani ujumbe. Aliandika: "Yule binti wa seremala kajikojolea tena. Una sketi ya akiba?" Akautuma kwenye kundi la wazazi.

Aliufuta upesi, lakini ulikuwa umeshasomwa. Mtu mmoja alishaweka kikaragosi cha kucheka, mwingine akaandika pole. Kabla ya kengele ya mwisho seremala alikuwa amejitoa kwenye kundi, na kesho yake dawati la binti yake lilikuwa tupu.

Siku hiyo hiyo, mchana, seremala alisimama nje ya dirisha la karani, vumbi la mbao bado limo nyweleni.

"Nataka uhamisho wa mwanangu."

"Karibu ndani, fundi."

"Hapa panatosha."

Karani akasogeza kiti karibu na dirisha. "Yule mwalimu amekosea, anajua, na anataka kuja kwako mwenyewe."

"Kidole kuteleza nakijua, nashika msumeno kila siku. Sina ugomvi na kidole." Aliegemea kizingiti. "Nina ugomvi na hiyo 'tena'. Kumbe iliwahi kutokea. Lini? Nani alijua?"

"Mimi nilijua."

Seremala alimtazama. "Wewe. Wewe uliyenipigia kuniambia mwanangu kasoma kitabu bila kukwama. Hilo lilikufurahisha, ukapiga. Hili ukalifungia kabatini na zile sketi."

"Aliniomba nisikwambie."

"Ana miaka minane, dada. Huniomba pia nimnunulie farasi."

Karani angeweza kujitetea. Mtoto alikuwa ameshika mkono wake kwa nguvu siku ile, na yeye akaona ni jambo dogo litakalopita. Lakini aliona pia kwamba baba huyu hakuja kutafuta ufafanuzi. "Nilimsikiliza yeye nikakusahau wewe," alisema. "Uhamisho nitauandika, ni haki yako. Ila kuna kitu kinamsumbua mtoto, na sidhani kama wewe unakijua, maana mimi pia sikijui. Ukimhamisha kabla hatujakijua, atahama nacho. Niruhusu nije nyumbani kesho jioni."

Seremala alifikiri. "Njoo. Lakini barua uje nayo."

Alikwenda nayo, imegongwa muhuri, ndani ya mkoba. Nyumba ilikuwa imeungana na karakana. Ilibidi kupita kati ya vitanda visivyo na magodoro na milango iliyoegemezwa ukutani. Barazani alikaa mama yake seremala, akichambua mchele kwenye ungo, na mjukuu amejibanza nyuma yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe ndiye wewe Salama Kwanza? Kwa sauti ile ya kwenye simu, nilidhani wewe ni bonge la mtu."

"Sauti ndiyo inayokula chakula chote, mama."

Bibi akamsogezea kigoda. Seremala alibaki amesimama mlangoni, mikono kifuani. Karani alianza kwa kueleza yote ambayo shule ilikuwa inayajua, bila kuchuja. Ilitokea mara mbili, na zote baada ya mapumziko, si kabla. Wenzake wakitoka kucheza, binti hubaki kwenye dawati lake akichora. Masomo yake ni mazuri. Hana ugomvi na mtu darasani. Nesi wa zahanati alipokuja kuwapima watoto hakumkuta na ugonjwa wowote.

"Hayo ndiyo yetu," alimaliza. "Sasa nipeni ya kwenu."

"Ya kwetu ni kwamba nyumbani hajikojolei," alisema seremala. "Kwa hiyo tatizo liko huko."

"Na chai je?" aliuliza bibi, macho kwenye ungo.

"Chai gani, mama?"

"Asubuhi hanywi. Nikigeuka anaimwaga kwenye ua, anadhani mimi ni kipofu. Siku za kupumzika anakunywa mpaka kikombe kinalia. Siku za shule, hata tone."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Unaingia na mbao, unatoka na mbao. Labda ningejipigilia misumari ungenisikia."

Karani aliweka mkoba chini. Mtoto ambaye hanywi kitu siku za shule tu, na hatoki nje wakati wa mapumziko. Alijisogeza mpaka akawa usawa mmoja na binti.

"Mwanangu, chooni shuleni kuna nini?"

Binti aliangalia mgongo wa bibi yake. "Mlango haufungi."

"Halafu?"

"Wale dada wa darasa la tano wanausukuma. Wanaushika wazi, wanahesabu."

"Wanahesabu nini?"

"Mpaka nimalize."

Seremala alishuka ngazi ya baraza, akainua ubao uliokuwa ardhini, akauweka mahali pengine bila sababu.

Karani alikuwa ameshajua kilichotokea, na hakuchelewa kulisema. "Wakati wa likizo vyoo vilipakwa rangi. Wapaka rangi waling'oa makomeo ili wapake vizuri. Hawakuyarudisha. Yamo kwenye kopo, stoo, ukuta mmoja na ofisi yangu. Mimi nikapiga picha milango imefungwa, inapendeza, nikawatumieni."

"Niliziona," alisema seremala. "Nikasema kazi nzuri. Mimi, fundi wa milango." Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Barua umekuja nayo?"

Aliitoa, akampa. Seremala aliishika kwa ncha za vidole ili asiichafue. Akamgeukia binti yake.

"Unataka shule nyingine?"

"Huko milango inafunga?"

Baba alikuwa ameuliza umbali, ameuliza walimu, ameuliza idadi ya watoto darasani.

"Haya, mjibuni," alisema bibi. "Swali la kwanza la maana tangu jua lizame."

Seremala alikunja barua akaitia mfukoni. "Kesho, kabla ya kengele, nitapita na bisibisi. Nikiridhika mtamwona keshokutwa. Nisiporidhika, ninayo hii."

Asubuhi alifika na mfuko wa vifaa. Mwalimu mkuu alikuwa amekunja mikono ya shati, akamshikia milango mmoja baada ya mwingine, na kila alipojaribu kueleza mipango ya shule aliambiwa asitikise. Yale makomeo ya kwenye kopo seremala aliyakagua, akakataa mawili yaliyoota kutu, akatoa yake. Yote aliyashusha, yakawa usawa wa mkono wa mtoto mdogo. Mwalimu wa darasa la tatu alikuja akasimama karibu, macho mekundu.

"Fundi, nimekukosea. Wewe na mtoto."

"Umetukosea, mwalimu," alisema seremala. "Nishikie hizi skrubu."

Wale wasichana wa darasa la tano waliitwa ofisini. Karani alizungumza nao mbele ya mwalimu mkuu, kisha akawapigia wazazi wao, mmoja mmoja, mlango umefungwa, na hakuna hata neno moja la mazungumzo hayo lililofika kwenye kundi.

Lililofika kwenye kundi lilikuwa jingine. Karani aliliandika kwanza kwenye karatasi, akamwonyesha seremala alipokuwa anafunga mfuko wake. Liliwaambia wazazi kwamba shule ilipowatumia picha za vyoo vipya haikuwaambia kuwa milango haikuwa na makomeo, kwa kuwa haikuangalia. Sasa yapo. Liliwaomba kila mmoja amwulize mtoto wake kama huenda chooni akiwa shuleni, na kama haendi, wapige simu.

Seremala alisoma mara mbili. "Jina la mwanangu halimo."

"Halimo."

"Langu?"

"Nikiambiwa nitalitia. Umefanya kazi."

"Liache. Nitaletewa vitanda vibovu vya mji mzima kwa bei ya urafiki."

Ujumbe ulipotoka, simu ya ofisi haikutulia. Mama mmoja mshona nguo alisema mwanawe hukimbia kutoka getini mpaka nyumbani, na yeye miezi yote alidhani mtoto anapenda kwao. Muuza vipuri alisema wa kwake hujibana mpaka jioni. Wengine walisema hawakuwahi kufikiri kuuliza. Karani aliwasikiliza wote, kisha akamwambia mwalimu mkuu kwamba kuanzia sasa wazazi waulizwe jambo moja kila wiki, si kuambiwa tu. Mwalimu mkuu alitaka kujua litakuwa jambo gani. Akajibu kwamba hilo ataliamua kwa kuzunguka shule, akianza na mahali ambapo hakuna mtu mzima anayeingia.

Binti wa seremala alirudi siku iliyofuata. Aliingia na wenzake, sketi imepigwa pasi, hakuangalia kulia wala kushoto. Karani hakumfuata. Mapumziko yalipoanza alibaki mezani, akisahihisha ratiba ya michezo ambayo haikuwa na kosa. Watoto walipita dirishani kwa makundi. Baada ya muda binti alitokea mlangoni, maji ya kunawa bado yanadondoka mikononi.

"Naomba maji ya kunywa."

Karani alimmiminia kikombe. Alikunywa kwa mfululizo, akapumua, akanyoosha kikombe tena. Cha pili alikunywa polepole, akitazama kabati, kitanda na kompyuta kama mgeni aliyekuja kutembea. Kisha akasema asante, akakimbilia uwanjani.

Karani alipiga simu karakana. Mashine ya kuranda ilikuwa inanguruma, ikazimwa.

"Salama kwanza," alisema. "Kaenda chooni, karudi, na kanywa vikombe viwili mbele yangu."

"Viwili?"

"Viwili. Sasa anaruka kamba."

Karani alisikia karatasi ikichanwa, taratibu, mara moja na mara ya pili.

"Ngoja nimwambie mama," alisema. Akaita, na sauti ya bibi ikajibu kwa mbali, ya mtu aliyeudhika kidogo.

"Anasemaje?" aliuliza karani.

"Anasema maji ya shule mtoto kayaona matamu, chai yake ya asubuhi aliimwaga. Leo pia."

"Mwambie asubiri chai ya Jumatatu."

"Mwambie mwenyewe. Mimi nina kazi," alisema seremala, na akampa mama yake simu.