Sauti ya Kuazima Mbele ya Filamu ya Kijapani

Mwanangu, bado hujazaliwa na mimi ndio niko kidato cha tatu, lakini nakumbuka siku moja ambayo nataka uirithi kabla sijaisahau.

Ukumbi wa kanisa letu hapa Kapsoya ulijaa. Sisi vijana tulikuwa tunaonyesha filamu ya zamani ya Kijapani, nyeusi na nyeupe, kuhusu kiumbe wa nyota ya mbali aliyevaa uso wa binadamu ili apate marafiki. Maandishi ya chini yalikuwa madogo kama chawa, kwa hivyo ilibidi mtu ashike maiki atafsiri, vile madijei wa video hufanya. Wakanisukuma mimi, eti hizo filamu nazijua. Mimi, ambaye hata chumvi mezani naiomba kwa kunong'ona!

Nilijua nikiharibu, singeshika maiki tena maishani.

Basi nikaazima sauti. Nikabana pua, nikamwaga Sheng ya Nairobi mbiombio. Kiumbe anajitazama kwenye kioo, hajui tena uso wake ni upi, na mimi napiga kelele, "Oyaa, msee, umebamba!" eti amependeza. Hakuna aliyecheka. Watu wa nyuma wakaanza kutoka.

Mama Nafula, muuza mitumba, akaniita kutoka mbele: "Wewe mtoto! Huyo anayeongea ni nani? Nguo ya kuazima haisitiri matako. Tupatie yako!"

Hapo sasa ndio wakacheka, tena sana. Nikatamani ardhi inimeze. Lakini kiumbe alikuwa amerudi kwao, bado na uso wa binadamu, anagonga mlango, na mamake hamtambui. Nani angemsemea? Nikasema polepole, kwa sauti yangu nyembamba na lafudhi yetu ya Bungoma inayochekwa shuleni:

"Mama, ni mimi. Fungua, ugali utapoa."

Mama Nafula akafokea ukuta tulioonyeshea filamu: "Si umfungulie mtoto, wewe mama!"

Ukumbi mzima ukamuunga mkono. Waliotoka wakarudi, wengine wakakaa sakafuni.

Mwanangu, jifunze lugha za watu wote, cheza nazo upendavyo. Lakini ukijificha ndani yake, anayekupenda atakutambua kwa kitu gani? Mungu akupe ulimi wako na watu wa kukuitikia. Na siku ukiogopa, akujalie uogope kwa sauti yako mwenyewe.